Chakula cha Idi kwa watu 30: tenga kinachokaa na kisichoweza kulala

Waalaykum salaam mwenzangu. Umeuliza upange vipi chakula cha Idi ndogo kwa watu kama 30 hapo Fuoni, Unguja, wakwe wa Wete, Pemba, wakiwemo. Una jiko la gesi la plati mbili na seredani moja (jiko la mkaa), na umetaja pilau, biriani, boko boko (ngano na nyama ya kupondwa), mkate wa kumimina, muhogo wa nazi, mchuzi wa kuku, sambusa na juisi, vyote Idi Mosi. Kwa majiko hayo havipikiki, na hata vingepikika, nusu ingebaki. Lakini kabla hatujapunguza, kuna jambo ambalo wengi hulisahau wakati wa kuandika orodha: mwezi.

Siku ya 29 ya Ramadhani hujui kama kesho ni Idi au ni funga. Tangazo huja baada ya Magharibi, mara nyingine watu wameshasali Taraweh. Ukishayeyusha kuku na kusaga mchele tangu alasiri, halafu mwezi usiandame, umepata hasara na bado una daku ya kupika. Ukingoja bila kuandaa chochote, utakesha. Kwa hiyo kigawe chakula mafungu matatu: kinachokaa wiki, kinachoweza kulala usiku mmoja, na kisicholala kabisa. Fungu la kwanza limalizike kabla ya tarehe 27. La pili liguswe tangazo likishatoka. La tatu ni la asubuhi.

Kinachokaa wiki ni vileja, visheti, halua, achari, bizari iliyokwisha kukaangwa na kusagwa, na sambusa mbichi ndani ya friza. Halua nunua tu, na wakwe wakiuliza "tuje na nini?" waambie halua ya Pemba, watafurahi kuombwa. Visheti vitie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana baada ya shira kukauka kabisa. Vikifungiwa na umotomoto wake hutoa jasho na asubuhi ya sikukuu vinanata kama ubani. Pima vya kutosha, maana watoto wa mtaa wakija kuomba mkono wa Idi hawaondoki na sarafu peke yake.

Sambusa hesabu mbili na nusu kwa mtu, yaani 75. Nyama ya kusaga kilo 1.5 inatosha kwa manda (karatasi za unga za kufungia sambusa) za ukubwa wa kawaida. Nyama ipikwe na thomu (kitunguu saumu), tangawizi na ndimu mpaka maji yakauke kabisa, ipoe, ndipo utie vitunguu vibichi vilivyokatwa vidogo na kukamuliwa kwenye kitambaa. Sambusa nyingi hupasuka kwenye karai kwa sababu ya maji ya kitunguu. Zigandishe zikiwa zimepangwa safu moja kwenye sinia, zikishakuwa ngumu ndipo uzitie kwenye mfuko. Siku ya kukaanga usiziyeyushe, manda italainika na kuchanika. Zitoe friza zende moja kwa moja kwenye mafuta ya moto wa wastani, chache chache. Ukijaza karai, mafuta yanapoa na sambusa zinayanywa.

Sasa punguza. Muhogo wa nazi ondoa. Watu wamekula muhogo, ndizi na majimbi mwezi mzima, hawaji kwako sikukuu kufuturu tena, isitoshe chakula chenye tui zito huchacha mapema kwa joto letu. Boko boko ipeleke Idi Pili. Inataka kupondwa kwa mwiko muda mrefu, na mkono huo asubuhi ya Mosi utahitajika kwingine. Baina ya pilau na biriani chagua moja kwa siku. Mie ningepika pilau Mosi na biriani Pili, na sababu si ladha. Pilau ya Mosi kazi yake kubwa, yaani nyama na supu, inafanyika usiku, asubuhi imebaki kazi ya saa mbili na nusu tu. Biriani inataka masala yake, wali wake na kupalia kwake, na inakula nyama na samli zaidi. Masala ya biriani yakilala kwenye friji ndiyo kwanza yanakolea, basi yapike jioni ya Mosi kwa kituo, nyumba ikishatulia.

Chai ya asubuhi, watu wakitoka msikitini, iwe mkate wa kumimina, maandazi, tambi, mchuzi wa kuku na sambusa. Ongeza mkate wa ajemi au boflo za kununua kwa ajili ya mchuzi, hakuna atakayekulaumu.

Mkate wa kumimina ndio mwepesi kuharibika kuliko vyote wakati wa kuupika, kwa hiyo nauandika kwa urefu. Mkate mmoja ni vikombe 2 vya mchele, kikombe 1 na robo cha tui zito, robo tatu ya kikombe cha sukari, hamira kijiko 1 cha chai, kijiko 1 cha kulia cha unga wa ngano, iliki, na ute wa yai moja. Unatoa vipande kumi hivi, kwa hiyo watu 30 wanataka mikate minne, maana kuna watakaorudia. Mchele roweka asubuhi ya tarehe 29. Mwezi usipoandama, mwaga maji, tia mapya, weka kwenye friji, hujapoteza kitu. Nazi ndiyo usiikune kabla ya tangazo.

Saga mpaka ukisugua baina ya vidole usisikie chenga. Mchele wenye chenga hukaa chini ya sufuria, na mkate unatoka na tabaka gumu chini na povu juu. Mchanganyiko uwe mzito wa kumiminika taratibu. Tui likizidi, mkate unaumuka vizuri halafu unalala ukiiva. Sukari tia mwisho, ukishaumuka, kisha koroga kidogo tu.

Kosa la wanaopika mikate mingi ni kutia hamira yote pamoja. Kwa joto letu mchanganyiko unaumuka kwa dakika 45 mpaka saa moja. Una seredani moja, mkate wa kwanza uko motoni nusu saa, na ile mitatu inaendelea kuumuka mpaka inachachuka na kuporomoka. Gawa mabakuli manne, bakuli la kwanza litie hamira, la pili dakika 35 baadaye, na kuendelea hivyo. Sufuria iwe nene, ipake samli, ipate moto kabla ya kumimina. Mkaa wa chini uwe mdogo. Vitundu vikianza kutokea juu na pembeni pameshika, funika kwa bati na upalie mkaa juu yake, huku ukipunguza wa chini. Kijiti kikitoka kikavu umeiva. Mwenye oveni atie nyuzi 180 kwa dakika 35 hadi 40. Mkate huu unalala bila shida ukipoa wazi kabla ya kufunikwa kawa.

Mchuzi wa kuku: kuku wakaushwe na viungo usiku, tui litiwe asubuhi. Kwa chai, kuku watatu waliokatwa vipande vidogo wanatosha. Tui la kwanza likishaingia usiondoke jikoni na usifunike, koroga mpaka litokote, vinginevyo linakatika na mchuzi unatoka mafuta juu, maji chini.

Pilau ya watu 30, tuseme wakubwa 20 na watoto 10: mchele kilo 4, nyama yenye mifupa kilo 4, mbatata kilo 2, vitunguu kilo 2, thomu na tangawizi zilizotwangwa gramu 150 kila moja. Bizari nzima vijiko 8 vya kulia, pilipili manga vijiko 2, mdalasini vijiti 6, iliki 30. Karafuu ndiyo isizidishwe mara nne kama unavyozidisha vingine. Kilo moja inataka kama 8, lakini kilo 4 zinatosheka na 20, ikizidi pilau nzima inanuka dawa ya jino. Iliki na karafuu tunazo wenyewe, lakini nusa kabla ya kununua, zilizokaa mwaka dukani hazifanyi kazi.

Usiku, chemsha nyama na thomu, tangawizi na chumvi mpaka iive bila kuvunjika. Itoe, ipoze kwenye sinia pana, supu igawe kwenye vyombo vifupi, na vyote viingie friji ndani ya saa mbili. Ukiiacha sufuria kubwa ya supu ipoe yenyewe mpaka alfajiri, katikati yake inabaki vuguvugu usiku kucha, na hapo ndipo inapochacha.

Pika sufuria mbili za kilo mbili mbili, sio moja ya kilo nne. Wali mwingi kwenye sufuria moja hulemea wa chini, chini kunakuwa bokoboko ambayo hukuiagiza na juu kunakuwa na viini. Mbatata zikaangwe kwanza zishike ngozi, zisivunjike. Vitunguu vikaangwe mpaka viwe kahawia ya kweli, rangi ya pilau inatoka hapo, haitoki kwenye kidonge. Tia bizari, nyama, kisha supu. Pima kwa kikombe kile kile ulichopimia mchele: basmati iliyorowekwa nusu saa inataka supu kikombe 1 na nusu kwa kila kikombe cha mchele, mchele wa Mbeya unakaribia 2. Kwenye sufuria kubwa punguza kidogo, kwa sababu maji yanayopotea kwa mvuke ni machache kulinganisha na wingi wa chakula. Onja supu kabla ya kutia mchele. Iwe imekolea chumvi kidogo kupita upendavyo, kwani mchele utaivuta.

Supu ikishuka usawa wa mchele, geuza mara moja tu kutoka pembeni kwenda kati, funika, palia mkaa juu, moto wa chini uwe kama haupo, dakika 25. Ukikorogakoroga punje zinakatika na wali unashikana. Adhuhuri inaingia karibu saa sita na nusu, wanaume wanarudi saa saba, kwa hiyo vitunguu viwe kwenye mafuta saa nne na nusu. Kachumbari ikatwe mapema kama unataka, ila chumvi na ndimu zitiwe chakula kikipakuliwa, chumvi inatoa maji na dakika ishirini baadaye ni supu ya tungule (nyanya).

Ukwaju nusu kilo unatoa juisi lita 5. Uchemshe na sukari uwe mzito tangu tarehe 28, uweke friji, siku yenyewe unaongeza maji baridi tu.

Mchele wa fitri (zaka ya kumaliza Ramadhani) utenge siku unayonunua wa pilau, na uutoe kabla ya sala ya Idi. Ni pishi kwa kila kichwa, ambayo wengi huikadiria kilo 2.5. Nyumba ya watu saba ni kilo 17 na nusu, mara nne ya mchele wa pilau yako, na kila mwaka yupo anayejikuta usiku ule anachota kwenye mchele wa wageni.

Waulize wakwe mapema wanafuata mwezi gani. Kuna nyumba kwetu, Unguja na Pemba, ambako wengine wameshakula Idi tangu jana na wengine leo bado wamefunga. Kama wapo watakaokuwa wamefunga, hiyo ni sinia moja ya kutengwa kabla ya kupakua, iwekwe friji na ipashwe moto sana Magharibi. Hesabu sinia moja kwa watu watano, watoto wapewe yao. Sahani za majirani na za mgonjwa aliyeshindwa kuja zitoke sufuriani kwanza, kwa sababu baada ya wageni hutapata nyama, utapata mifupa na ukoko.

Idi kubwa usiipange kwa orodha hii. Mwezi wa Mfungo Tatu (Dhulhija) unaandama siku tisa kabla, tarehe unaijua, kwa hiyo hofu ya usiku mmoja haipo. Shida yake ni nyama. Mnyama anachinjwa baada ya sala, anachunwa, anagawanywa, na nyama inafika jikoni karibu na adhuhuri ikiwa bado imekakamaa. Ukiitia kwenye pilau muda huo utaichemsha mpaka wageni waage. Pilau ya Mosi ipike kwa nyama uliyonunua siku moja kabla. Ya udhia, maini na figo zikaangwe siku ile ile kwa thomu, pilipili manga na ndimu, zitiwe chumvi mwishoni zisiwe ngumu, na mapande yakae friji mpaka Idi Pili.