Dawa ya makohozi ya mama: usiichanganye na ya kuzuia kikohozi

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama mama, mwenye pumu na makohozi mazito, anaweza kunywa asetilisisteini, vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, pamoja na dawa ya maji yenye kodeini uliyouziwa dukani. Hiyo ya kodeini iweke pembeni. Inazima kikohozi, wakati kidonge kinalegeza kohozi ili likoholewe. Ukimpa vyote viwili, kohozi linalegea halafu halina pa kutokea. Tena kodeini hupunguza nguvu ya kupumua, na mwenye pumu hana ya kupunguza.

Kidonge kitie kwenye nusu glasi ya maji, kiache kichemke chenyewe kwa mapovu mpaka kiyeyuke chote, ndipo anywe. Kitanuka kama yai viza. Usikitupe, ni salfa iliyomo. Mimi cha kwanza nilikimwaga nikidhani kimeoza.

Ila pumu ndiyo inayonitia wasiwasi. Dawa hii huweza kubana kifua cha baadhi ya wenye pumu, kwa hiyo muulize daktari wake kabla ya dozi ya kwanza. Umtajie pia kama ana vidonda vya tumbo, na kama ana presha, maana vidonge hivi vya kuchemka vina sodiamu, ambayo si nzuri kwa mwenye presha. Akianza kuhema kwa shida au kifua kupiga filimbi, aache dawa, apulize inhela yake, mkimbize hospitali.

Na kama kikohozi kimetimiza wiki 2, au makohozi yana damu, apimwe TB kwanza.