Taulo za Bure Watoe, Mradi Wazifue

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: je, mwenye kituo cha kuoshea magari ambako mteja anajihudumia mwenyewe awawekee wateja taulo za kukaushia bila malipo? Mimi nasimamia kituo cha namna hiyo, na taulo tunazitoa. Jibu langu ni ndiyo, azitoe, lakini kwa sharti ambalo kwangu lina uzito kuliko bei ya taulo zenyewe: azifue, tena azifue inavyotakiwa. Akiona hawezi, afadhali mteja aondoke na gari linalochuruzika maji.

Kukausha gari si urembo tu. Maji mengi ya bomba na ya visima yana madini, hasa kalisi na magnesi. Tone likikaukia juu ya boneti yenye joto, maji hupotea na madini hubaki, ndiyo yale madoa meupe ya mviringo yanayoonekana zaidi kwenye gari jeusi. Yakikaa siku nyingi juani, shampuu haiyatoi tena. Inabidi dawa yenye asidi, au gari lipigwe polishi. Mteja asiye na kitambaa hulijua hili, naye hushika chochote alicho nacho. Nimeona watu wakifutia gazeti, wakifutia zulia la ndani ya gari, wakifutia shati kuukuu ambalo vifungo vyake bado vipo. Inauma kutazama, kwa sababu mtu ametoka kulipia maji na sabuni, kisha analiharibu gari lake katika dakika za mwisho.

Lakini taulo chafu ya kituo nayo hufanya kazi ileile ya kuharibu. Utando mwangavu ulio juu ya rangi ya gari kwa kawaida una unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, yaani kama nusu ya karatasi ya kawaida ya kuandikia. Mchanga una chembe za kwatzi, na kwatzi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini kinachoanzia 1 na kuishia 10. Hata kioo inakikwaruza. Taulo iliyoanguka chini mara moja tu, ikakung'utwa na kurudishwa kikapuni, tayari ni msasa. Mikwaruzo yake haionekani siku hiyo. Inaonekana siku jua linapolipiga gari ubavuni na rangi yote ikaonekana imejaa utando wa buibui.

Ndiyo maana sisi taulo ikigusa rimu, tunaikata pembe moja. Vumbi la breki lina chembe za chuma ambazo hujichoma ndani ya nyuzi, na kufua hakuziondoi zote. Yenye pembe iliyokatwa hairudi kwenye bodi maisha yake yote. Itafuta rimu, kisha sakafu, basi. Rangi za taulo tulizijaribu pia, bluu ya bodi na kijivu ya rimu, ila mteja mwenye haraka hasomi bango. Kilichosaidia ni kuziweka mahali tofauti kabisa: za rimu chini, karibu na pampu ya upepo, na za bodi juu ya rafu.

Kufua ndiko wengi wanakoharibu. Taulo za maikrofaiba ni poliesta iliyochanganywa na poliamidi (jamii ya nailoni), mara nyingi 80 kwa 20, na uwezo wake wa kunyonya maji unatokana na nyuzi zilizopasuliwa kuwa nyembamba mno. Dawa ya kulainisha nguo huzipaka mafuta nyuzi hizo, na taulo ikaanza kuyasukuma maji badala ya kuyanywa. Blichi huzichakaza. Moto mkali wa mashine ya kukaushia huziyeyusha ncha, zikawa ngumu. Ukizifua pamoja na nguo za pamba, zinaokota manyoya na kwenda kuyamwaga kwenye vioo vya wateja. Kwa hiyo zifuliwe peke yake, kwa sabuni ya maji kidogo na maji ya uvuguvugu, zisuuzwe sana. Kabla ya kuzipanga mimi humwaga maji kidogo mezani na kuvuta taulo juu yake bila kuikandamiza. Ikiacha meza kavu, inakwenda kwenye rafu. Ikiacha michirizi, inarudi kufuliwa. Na zilizolowa zisilale zimerundikwa hadi kesho, zitanuka ukungu, na harufu hiyo mteja hataisahau.

Kuhusu wizi, wengine wataniona mpole. Zinapotea, ndiyo. Ila naamini nyingi zinasahauliwa tu ndani ya gari, kwa kuwa mtu hakuona pa kuzitupia. Wekeni pipa lenye mdomo mpana pale gari linapotokea na mtaona tofauti. Kuzifunga kwa mnyororo au kumweka mlinzi azihesabu kunamfanya mteja ajione mshukiwa, na hapo ukarimu wenyewe umekwisha.

Rafu isiwe ndani ya banda la kuoshea. Humo povu linaruka kila upande, na atakayeanza kukaushia humo anawazuia walio kwenye foleni. Iwekwe nje, penye kivuli, na nafasi ya magari mawili matatu kusimama milango ikiwa wazi.

Kwa asiye na mashine ya kufulia wala mtu wa kazi hiyo, pesa ya taulo aipeleke kwenye mtambo wa kuchuja madini, ule wa osmosisi kinyume, atumie maji yake kwa suuzo la mwisho tu. Gari likisuuzwa kwa maji hayo kuanzia paani kushuka chini, linaweza kuachwa likauke lenyewe bila madoa, na hakuna kitambaa kitakachoigusa rangi.