Mwanangu, kuhusu ile meseji yako ya kufunga kizazi

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako nimeisoma mara tatu ndo maana nimechelewa kujibu, sikutaka nikujibu vimaneno viwili vya kwenye simu alafu tukahamia habari za watoto. Umeniuliza hivi: mama, hii mimba ya tatu nazaa tena kwa kisu, daktari kasema nikitaka kufunga kizazi anafunga hapohapo, baba watoto naye anasema funga tu tumalize, je nifunge? Wewe ulifunga, ulijuta? Na mwili unabaki kama ulivokuwa? Basi tulia nikueleze yote. Mi sio daktari, ila nimepitia, na miaka yote hii nimesoma na kuuliza watu sana juu ya hili jambo manake siku niliyofanyiwa sikuuliza chochote, na hilo ndo linaniuma mpaka leo kuliko kufunga kwenyewe.

Nianze na jina kwanza maana jina lenyewe linapotosha. Tukisema kufunga kizazi mtu anajua mfuko wa uzazi ndo unafungwa, wengine wanajua unatolewa kabisa. Hapana. Kutoa kizazi ni opresheni nyingine, kubwa, mfuko wenyewe unaondolewa na hedhi huioni tena. Hapa kinachofungwa ni mirija, ile miwili myembamba inayotoka kwenye mfuko wa uzazi kwenda kwenye ovari, kule mayai yanakokomaa, huku na huku, kila mmoja una kama sentimita 10 hivi. Yai linapita humo na mbegu ya mwanaume inalikuta humohumo. Ukikata njia hawakutani, ndo hivo tu. Yai linaendelea kukomaa kila mwezi kama kawaida, likishatoka mwili unalinyonya linaisha, kwa hiyo ile hadithi ya kwamba mayai yanarundikana tumboni mpaka yanageuka uvimbe achana nayo, nimeisikia tangu sijakuzaa na haina ukweli.

Na mwili haubadiliki. Homoni zinatengenezwa na ovari na zinasafiri kwenye damu, hazipiti kwenye mirija, sasa mrija ukikatwa homoni inahusikaje? Hedhi inakuja, hamu ya tendo inakuwepo, na ukomo wa hedhi unakuja kwa wakati wake, mimi yangu ilikatika yenyewe nikiwa na 51. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2000, walichukua wanawake zaidi ya 9,000 waliofunga wakawalinganisha na wanawake ambao waume zao ndo walifunga, hawa waliofunga hawakuonekana kuvurugika hedhi kuliko wale wengine. Ila nisikufiche kitu, ukiacha vidonge au sindano ukafunga, hedhi inaweza kurudi nzito kuliko ulivozoea, na watu wanasema ni kufunga kumeharibu, kumbe ni zile dawa zilikuwa zinaipunguza na sasa hazipo.

Sasa la kujuta.

Siku anazaliwa mdogo wako wa mwisho uchungu ulinianza wiki mbili kabla ya tarehe niliyopangiwa opresheni. Nilikuwa na miaka 29, kisu cha tatu. Niko kwenye kitanda cha magurudumu naelekea thieta, dripu mkono wa kushoto, nesi akaja na fomu kwenye kibao akasema mama hiki kisu cha tatu sasa, tukufunge kabisa? weka saini hapa. Uchungu ukaja ikabidi nisubiri upite ndo nishike kalamu, kalamu yenyewe inateleza kwa jasho, nikaanza kuandika jina vizuri lakini herufi za mwisho zikashuka chini zikavuka mstari. Sikusoma hata neno moja la ile karatasi. Hakuna aliyeniambia kwamba ni moja kwa moja, hakuna aliyeniambia naweza kukataa na wakanizalisha vilevile. Baba yako alikuwa kwenye benchi nje hajui kitu, alijua kesho yake mimi nilipomwambia, akanyamaza muda mrefu alafu akaniuliza, ulitaka? Nikashindwa kumjibu.

Miaka minne sikuwaza kabisa, tena nilifurahi, nilikuwa nalala bila kuhesabu siku. Alafu mdogo wako akaugua, utakuwa unakumbuka, ulikuwa na miaka kumi na moja, tukalazwa siku tisa. Usiku wa tatu homa imegoma kushuka nimekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda nahesabu anavopumua, likanijia wazo ambalo sijawahi kumwambia mtu mpaka leo nakuandikia wewe, kwamba huyu akiondoka mi siwezi kubeba tena na sijui hata kama nilikubali au nilikubaliwa. Mtoto akapona, namshukuru Mungu, wazo likaondoka. Lakini lilikuja, na nilijua lilikotoka.

Kwa hiyo ukiniuliza ulijuta nakujibu hivi: kufunga sijutii, mtoto wa nne sikumtaka kipindi kile na baadaye sikumtaka. Ninachojutia ni kwamba uamuzi mkubwa namna ile kuhusu mwili wangu ulifanyika mi mwenyewe sipo. Na sio mimi peke yangu, Namibia kuna wanawake watatu waishio na virusi vya ukimwi walifungwa kwa saini walizotia wakiwa kwenye uchungu, wakaenda mahakamani, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya kule ikakubali kwamba ile haikuwa ridhaa ya kweli. Nilivosoma ile habari nililia, manake nilikuwa najilaumu miaka yote kwamba ni mimi niliyesaini.

Ndo maana neno langu kubwa kwako ni moja, amua sasa hivi ukiwa hujashikwa na uchungu, hujagombana na mtu, huna anayekusimamia kichwani. Bado una wiki saba. Ukifika siku ile bila jibu basi jibu liwe hapana, maana kufunga unaweza kufunga hata baadaye. Mirija inafungwa wakati wa kisu, au ndani ya siku saba baada ya kujifungua, au ukiacha wiki sita zipite na kuendelea, hata miaka, ilimradi ijulikane huna mimba. Mtu asikuambie ni sasa au basi tena.

Ni kweli kufunga wakati wa kisu ni rahisi, tumbo liko wazi tayari na mirija inaonekana, zinaongezeka dakika chache tu na kidonda ni kilekile. Wanaofunga baadaye, wiki sita zikishapita, wanachanwa kidogo juu ya mfupa wa kinena, sentimita chache, mara nyingi kwa ganzi ya pale pale na dawa ya kutuliza, au wanaingiziwa kamera ndogo kwa matundu madogo. Hao wa kamera tumbo linajazwa gesi kwanza, na baadaye bega linauma siku moja mbili mtu anashangaa bega linahusiana nini na mirija, ni ile gesi inaisha taratibu. Wiki moja usinyanyue kitu kizito na usikutane na mumeo. Kwako wewe kidonda cha kisu ndo kitaamua na kitataka muda zaidi ya huo.

Ila muulize daktari atatumia njia gani, hili watu hawaulizi. Kuna ya kuvuta mrija ukakunjwa kama kitanzi, ukafungwa kwa uzi na kukatwa, uzi ukishayeyuka zile ncha mbili zinaachana. Kuna klipu na pete. Alafu kuna ya kutoa mirija yote mizima, na hii madaktari wengi siku hizi wanaipendelea kwa sababu imeonekana saratani nyingi za ovari zinaanzia kwenye mwisho wa mrija, kule kwenye vile vidole vyake vinavopokea yai, kwa hiyo ukiitoa unapunguza hiyo hatari. Lakini ukitoa mirija hakuna cha kuunganisha tena. Hata ile ya kufunga na kukata usiichukulie kama mlango wa kufungua, opresheni ya kuunganisha ipo lakini ni ngumu, ghali, wengi hawafai kufanyiwa na wanaofanyiwa sio wote wanapata mimba. Ingia ukijua haifunguki.

Na ujue pia hakuna njia ya asilimia mia. Ule utafiti wa Marekani niliokutajia ni sehemu ya utafiti mkubwa zaidi uliofuatilia wanawake zaidi ya 10,000 waliofunga kuanzia mwaka 1978, wakaona ndani ya miaka 10 kama 18 au 19 katika kila 1,000 walipata mimba. Ni wachache mno, lakini wapo, na katika hizo mimba kama theluthi moja zilitunga nje ya mfuko wa uzazi. Hiyo ndo ya kuogopa mwanangu. Kuna mama nilifanya naye kazi, miaka sita tangu afunge, hedhi ikachelewa akasema labda ndo nakoma, tumbo likawa linachoma upande mmoja chini, akavumilia siku mbili, siku ya tatu akadondoka ofisini mbele yetu, midomo imekuwa myeupe. Mrija ulikuwa umepasuka. Aliokolewa kwa sababu tulimkimbiza na yeye mwenyewe alijikaza akasema nimekosa hedhi. Kwa hiyo ukifunga, siku hedhi ikikosekana na tumbo linauma upande mmoja, au kizunguzungu, au bega linauma bila sababu, usikae nyumbani ukisema mi nilishafunga. Nenda siku hiyohiyo.

Utafiti huohuo uliwauliza wanawake kuhusu kujuta. Waliofunga wakiwa na miaka 30 au chini, ndani ya miaka 14 asilimia 20 walisema wamejuta. Waliofunga wakiwa wamevuka 30 ni kama asilimia 6. Wewe una 33 na mimi nilikuwa na 29, naona kila mmoja wetu yuko upande wake. Lakini usitulie kwa sababu ya umri peke yake. Kinachowageuza watu ni mambo kama mtoto kufariki, ndoa kuvunjika na kupata mwenza mwingine, au kuamua kwa kusukumwa. Kaa ujiulize hayo moja moja hata kama yanatisha kuyataja. Ukijibu kwamba hata hayo yakitokea, Mungu apishe mbali, bado sitaki kubeba mimba nyingine, hapo umeshafika.

Ukisitasita, kuna kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, na kuna kitanzi kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Sio njia za kupotezea muda kama watu wanavodhani, kijiti mwaka wa kwanza kinashindwa kwa mwanamke 1 hivi kati ya 1,000 wakati kufunga ni kama 5, kwa hiyo kijiti hakipitwi na kufunga. Kinakaa miaka 3 mpaka 5. Kitanzi cha shaba kinaenda miaka 10 na zaidi, hakina homoni, na kinaweza kuwekwa hapohapo wakati wa kisu. Siku ukibadili mawazo vinatolewa, basi. Na hakuna hata kimoja kati ya hivyo wala kufunga kwenyewe kinachokinga magonjwa ya zinaa au ukimwi, kondomu ina kazi yake peke yake.

Sasa huyu mkwe wangu anayesema funga tu tumalize. Nampenda na najua hana nia mbaya, amekuona unavoteseka na mimba hizi. Lakini muulize kwa upole, kwa nini asifunge yeye? Sisemi kwa hasira, nasema kwa sababu kwa mwanaume ni kazi ndogo kuliko kwetu, hawafungui tumbo, ni ganzi kidogo na tundu dogo kwenye ngozi ya korodani, anarudi nyumbani siku hiyohiyo akitembea. Nguvu zake zinabaki, shahawa zinatoka kama kawaida ila hazina mbegu. Cha kuzingatia ni kwamba haifanyi kazi siku ileile, lazima mtumie kinga nyingine miezi mitatu na apimwe kuhakikisha. Akikataa ni haki yake, mwili wake. Na wewe ni hivohivo, mwili wako, ongea naye kama mwenzio, msikilize, ila sio yeye wa kusema ndiyo kwa niaba yako, na sio mimi wala mama mkwe wala nesi. Idadi ya watoto pia isikusumbue, wawili, watatu, au hata usingekuwa na mtoto, hakuna namba ambayo ukifikisha ndo lazima ufunge.

Naomba ufanye kitu kimoja. Kliniki ijayo waombe ile fomu ya ridhaa uende nayo nyumbani, usikubali kuambiwa utaiona siku yenyewe. Inatakiwa ikueleze kwa lugha unayoielewa kwamba hii ni opresheni, ina hatari zake, ni ya kudumu, zipo njia nyingine, na unaweza kughairi dakika yoyote kabla ya kukatwa bila kunyimwa huduma nyingine yoyote. Kama kuna hata moja ambalo halipo hapo, uliza, andika jibu kwa mkono wako pembeni.

Alafu nipigie Jumapili jioni watoto wakishalala, uwe nayo mkononi, uwashe spika, unisomee mstari kwa mstari kuanzia juu. Palipo na neno hulielewi tunasimama hapo. Mi sina haraka, hata ikichukua masaa mawili mazima.

Mama yako