Maswali yenu kuhusu kipimo cha mzio

Upepo wa kiangazi ukianza kuvuma hapa Dodoma, maswali ya mzio huja kwa wingi: pua, macho, ngozi, na wengi wanataka "kupimwa aleji zote" kwa mkupuo. Leo najibu matano.

*Dokta, shikamoo. Nakaa Nkuhungu. Kila kiangazi nikiamka napiga chafya mpaka machozi yanatoka. Nimesikia kuna kipimo cha kuchomwa mkononi. Kinafanywaje, na kinauma?*

Marahaba. Unalaza mkono mezani, kiganja juu. Mhudumu anaandika namba kwa kalamu kwenye ngozi laini, kati ya kiwiko na kiganja, na pembeni ya kila namba anadondosha tone: hili la chavua ya nyasi, lile la manyoya ya paka, jingine la mende, jingine la wadudu wadogo wanaoishi kwenye vumbi la godoro. Halafu anachukua kichomeo kidogo, anakipitisha katikati ya tone na kudonoa ngozi ya juu tu. Damu haitoki. Mwiba wa mgunga unauma zaidi.

Matone mawili kati ya hayo ni ya kuhakikisha kipimo hakidanganyi. Moja ni maji ya chumvi, ambayo hayatakiwi kuleta kitu. La pili ni histamini, kemikali ambayo mwili wenyewe huimwaga wakati wa mzio; hilo lazima livimbe kwa kila mtu. Kisha mnasubiri dakika 15 hadi 20, na kazi yako kubwa hapo ni kutojikuna. Penye mzio panainuka kipele cheupe chenye wekundu pembeni, kama umeng'atwa na mbu. Kinapimwa kwa rula: kikizidi cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, basi mwili wako una kingamwili za IgE, zile zinazoamsha mzio, dhidi ya kitu hicho.

Ila jiandae kwa jambo moja. Vumbi letu la barabarani ni udongo, na udongo mara nyingi huikera pua bila kuwa mzio. Wale wadudu wa godoro nao wanapenda unyevu. Hewa yetu kavu haiwafai kama ya Tanga au Dar es Salaam. Kwa hiyo usishangae matone yote yakitulia. Hilo nalo ni jibu: tiba yako itaelekea kwenye kuikinga na kuisafisha pua, na utaacha kumtafuta mchawi kwenye sahani ya chakula.

*Nameza cetirizine kila siku. Niache kabla ya kipimo?*

Ndiyo, wiki moja kabla, na Piriton pia. Dawa hizo huzima histamini, na mkono wako utabaki laini hata kama mzio upo. Dawa ya pumu ya kuvuta usiiguse, endelea nayo. Kama huwezi kukaa wiki bila cetirizine, omba kipimo cha damu, maana chenyewe hakiathiriwi na dawa hizi.

*Mwanangu ana miaka mitatu, tuko Kongwa. Ana ukurutu kwenye mikunjo ya viwiko na magoti. Alipimwa damu, karatasi ikasema IgE ya jumla iko juu, na ana mzio wa karanga, maziwa na mayai. Nimemwachisha vyote, sasa anakonda. Tangu aanze kula alikuwa anakula mlenda wa karanga na hakuwahi kudhurika. Nimpe nini?*

Mama, pole sana. Swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii.

Tuanze na IgE ya jumla. Hiyo inapanda kwa sababu nyingi, na minyoo ni mojawapo kubwa. Ukurutu wenyewe pia huipandisha. Kwa hiyo namba hiyo peke yake haimwambii mtu chochote kuhusu karanga.

Sasa zile za chakula kimoja kimoja. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, na kingamwili inaweza kuwepo kwa mtoto ambaye anakula chakula hicho kila siku bila shida. Watoto wenye ukurutu ndio hasa hutoka na karatasi za namna hiyo. Mzio wa kweli wa karanga unajionyesha wenyewe: kwa kawaida ndani ya dakika chache, au hadi saa mbili, mtoto anavimba midomo, anatoka vipele vya kuwasha, anatapika au anakohoa na kukoroma kifua. Mwanao amekula mlenda wa karanga kwa miaka na hayo hukuyaona. Ushahidi huo una uzito kuliko karatasi.

Kumnyima kuna hatari yake. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2015 uliwafuatilia watoto wachanga 640 waliokuwa na hatari kubwa ya mzio. Waliolishwa karanga tangu mapema walipata mzio wa karanga kwa uchache mno kuliko walionyimwa. Na mtoto aliyekuwa akila akaachishwa, mwili unaweza kuusahau uzoefu ule, siku akirudishiwa ukamgeuka. Ndiyo maana sikuambii umrudishie leo jioni. Mpeleke kwa daktari wa watoto na maelezo yote: alikula nini, lini, ikawaje. Akiona inafaa, mtoto atalishwa kidogo kidogo hospitalini, adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, ikiwa karibu. Kulishwa chini ya uangalizi ndicho kipimo chenye neno la mwisho kwa mzio wa chakula. Na ukurutu utibiwe kama ukurutu, kwa mafuta ya kutosha na dawa ya kupaka. Njugu nzima asipewe kwa umri huo; zinakaba.

*Mimi ni fundi ujenzi, Mtumba. Mikono imepasuka na inawasha. Nikienda likizo inapona. Nipimwe damu?*

Hapana, damu haitaonyesha. Mzio wa saruji hauletwi na IgE. Unaletwa na chembe hai nyeupe, na huja polepole. Kinachohitajika ni kipimo cha kubandika: vibandiko vyenye kemikali mbalimbali, ikiwemo krometi iliyomo kwenye saruji, vinakaa mgongoni saa 48. Vikitolewa ngozi inasomwa, kisha inasomwa tena siku moja au mbili baadaye. Muda wote huo huogi mgongo wala hubebi zege, kwa hiyo omba ruhusa kazini. Saruji mbichi pia huunguza ngozi bila mzio wowote, kwa hiyo vaa glavu zisizopitisha maji hata kabla ya majibu. Nchi za Ulaya ziliwekea krometi ya saruji kikomo mwaka 2005 kwa sababu ya mikono kama yako.

*Mume wangu alichomwa sindano ya penisilini, akavimba uso na kukosa pumzi. Tumjaribishe kidogo nyumbani tuone?*

Msithubutu. Kipimo cha penisilini kipo, kinaanzia kwenye ngozi na kufanyika hospitalini kwa hatua, wiki kadhaa baada ya tukio. Mpaka siku hiyo asipewe penisilini, wala amoksilini, ambayo ni ndugu yake. Jina la dawa na kilichompata liandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari lake la hospitali, kwa wino mwekundu, na wewe mwenyewe ulikariri, maana siku akizidiwa hatakuwa na sauti ya kulitaja.