Muulize Mvuvi: Baharia alijuaje kuwa ni halibati?

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Anchorage, Alaska, nafanya kazi ghalani. Mwezi wa saba tulichanga pesa watu wanne tukaenda Homer kuvua halibati, yule samaki bapa wa bahari ya baridi, kwenye boti ya kukodi. Mimi ni mtu wa Kigoma, uvuvi ninaoujua ni wa dagaa na karabai. Samaki wangu aliponasa, baharia wa boti alikuja akasimama kando yangu, akaitazama ncha ya fimbo kwa muda, kisha akasema, "Halibati huyo." Tulikuwa kwenye kina cha mita 60 hivi, hata kivuli hakionekani. Kweli akatoka halibati wa kilo 11. Mwenzetu wa Bukavu naye akanasa kitu kizito kuliko changu, akaanza kupiga vigelegele. Baharia akamwambia asihangaike kutoa simu ya kupigia picha, hiyo ni taa, yule samaki bapa mwenye mabawa. Ikatoka taa! Wenzangu wanashikilia kwamba jamaa alikuwa akimwona samaki kwenye skrini ya nahodha. Mimi nasema ni ujuzi. Tumewekeana chakula cha jioni. Nani alipe?
Msomaji, Anchorage

JIBU: Marahaba, mwanangu. Walipe wao, na mahali uchague wewe.

Tuanze na hiyo skrini, maana ndiyo inayowadanganya wageni wengi. Kipima kina hutuma sauti chini na kupokea mwangwi wake. Kwa samaki, kinachorudisha mwangwi mkubwa ni hewa iliyomo kwenye bondo, kile kifuko cha hewa tumboni. Ndiyo, bondo hilohilo la sangara ambalo watu wa Ziwa Victoria wanaliuza kwa bei kuliko nyama yenyewe. Halibati aliyekomaa hana bondo. Isitoshe, ni samaki bapa: hulala ubavu juu ya mchanga, macho yote mawili yakiwa upande wa juu, na ngozi ya juu ina rangi ya sakafu ya bahari. Skrini humsaidia nahodha kupata kilima cha changarawe au ukingo ambapo halibati hupenda kulala. Kumwona halibati mwenyewe ni bahati, na kumtambua samaki aliye kwenye ndoana ya mtu fulani ndani ya boti yenye fimbo nyingi ni hadithi.

Mimi nimetoka Shimoni, pwani ya Kenya, na kwa misimu mingi kazi yangu imekuwa hiyohiyo ya ubaharia kwenye boti za Homer: kutia chambo, kufumbua mishipi iliyosokotana, na kusimama kando ya mgeni nikitazama ncha ya fimbo. Kwa hiyo nitakwambia alichokuwa akikitazama mwenzangu.

Kwanza, hakutazama uzito. Uzito ni shahidi muongo, hasa katika ghuba ya Cook Inlet. Kwetu Mombasa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ikipanda karibu mita 4 watu husema maji yamejaa kwelikweli. Homer maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 6, na maji yote hayo lazima yapite mahali. Ndiyo maana chubwi, ule uzito wa kuzamishia mshipi, huwa la kilo moja, mara nyingine zaidi, na hata hivyo mkondo ukikaza mshipi huondoka mlalo. Ongeza kina cha mita 60, na kitu chochote chenye ubapa kitaonekana mzigo. Mwenzenu wa Bukavu alikuwa akivuta taa na mto mzima wa maji juu yake.

Pili, hakusema neno pale samaki alipodona. Halibati hudona mara mbili tatu, hutulia, kisha hulemea chambo polepole. Ndoana za huku ni za duara, hazitaki mtu akurupuke. Unaacha fimbo iiname yenyewe, ndipo unazungusha rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi. Lakini samaki wengi wa chini hudona hivyo. Mtu anayeapa kuwa ni halibati kwa kudonwa tu anabahatisha, hata kama ni nahodha mwenye kofia. Wewe mwenyewe umeandika kwamba baharia alitazama "kwa muda". Hapo ndipo nilipomwamini.

Alichokuwa akisubiri ni mapigo. Halibati aliyenaswa hupiga kichwa, na mapigo yake ni mazito, ya polepole, yenye nafasi kati yake: ncha ya fimbo inazama, inarudi, inazama tena, mithili ya mchi wa mtu asiye na haraka ya kumaliza kutwanga. Mimi naieleza hivi. Samaki wa kawaida hujipinda kushoto na kulia anapoogelea. Halibati amelala ubavu, kwa hiyo kujipinda kwake ni juu na chini. Nguvu yote inapanda moja kwa moja kwenye mshipi, na siku hizi tunatumia mshipi wa kusuka usiovutika, hivyo kila pigo linafika kiwikoni. Halibati wadogo, wa kilo tatu nne, hupiga harakaharaka, na hapo huwa siapi.

Halafu kuna kinachofuata baada ya kung'oka sakafuni, na huu kwangu ndio ushahidi wenyewe. Halibati atakubali kuja. Utazungusha rili mita kumi, kumi na tano, utaanza kudhani amechoka. Ghafla anageuka na kushuka wima, rili inalia, na mshipi wote ulioupata unarudi chini. Anakaa kidogo. Unamwinua tena. Anashuka tena. Hakimbii pembeni wala hatafuti pango, anataka mchanga wake. Na kila awamu anakuwa na nguvu ileile, kwa sababu ndani yake hamna hewa ya kumtesa.

Linganisha na samaki aitwaye kodi wa kijivu, yule mwenye kidevu kilichoota ndevu moja, au na yule samaki mwekundu wa miambani mwenye macho ya manjano. Hao wana bondo. Huanza kwa kishindo huko chini, lakini kadiri unavyowavuta hewa inatanuka tumboni, na kufikia katikati ya safari wanaacha kupigana. Yule mwekundu wakati mwingine hutoka utumbo umemtoka mdomoni. Usimtupe tu juu ya maji akaelea afe. Tangu 2020 sheria ya Alaska inataka kila chombo cha wavuvi wa kujiburudisha baharini kiwe na kifaa cha kumrudisha chini kwa uzito hadi kwenye kina, na kifaa hicho kinafanya kazi vizuri.

Anayetusumbua kweli ni samaki aitwaye lingikodi, mdomo mpana na meno ya kutisha. Naye hana bondo, hivyo hachoki njiani. Lakini mapigo yake ni makali na ya ghafla, yanakuja kwa mafungu, na mbio zake ni fupi kuelekea majabali. Wavuvi wa chewa kule kwetu watamtambua, tabia ni moja: pango kwanza. Ana mchezo mwingine wa kihuni. Unavuta samaki mdogo, ghafla mzigo unaongezeka, unafika juu unamkuta lingikodi amemng'ata yule mdogo bila hata kunaswa na ndoana. Akiona boti anaachia na kuondoka zake.

Taa haipigi. Inajigandamiza sakafuni, unadhani umenasa mwamba, kisha inang'oka na kuja ikilemea moja kwa moja, na labda ipige bawa mara moja moja. Kukosekana kwa mapigo ndiko kulikomfanya baharia amwambie mwenzenu arudishe simu mfukoni. Papa mdogo mwenye miba mgongoni hujizungusha, unahisi mshipi ukitetemeka na kusokotana, mwisho wake kazi inakuwa yangu ya kufumbua. Pweza ni mzigo tu, halafu ghafla si mzigo tena.

Ukitaka kujifunza, nenda wakati maji yanasimama, kati ya kujaa na kupwa. Mkondo ukiwa umelala, mkono unasikia kila kitu. Na usiweke fimbo kwenye kishikio. Wageni wengi huiacha pale wakanywa kahawa, halafu wanauliza baharia amejuaje.

SWALI: Mzee, mimi niko Muscat. Ni kweli kwamba Alaska halibati hupigwa risasi kabla ya kupakiwa? Na je, mkubwa naye hutambulika kwa mapigo hayohayo?
Msomaji, Muscat

JIBU: Kweli, ila ni wale wakubwa tu, na si kila nahodha anapenda bunduki chomboni. Wengine hutumia chusa, mkuki wa kuvulia, yenye kamba na boya. Sababu ni kwamba samaki huyu ni msuli mtupu, na akifika sitahani akiwa hai mkia wake unaweza kuvunja mguu. Rekodi ya dunia ya halibati wa Pasifiki kwa fimbo ni kilo 208, alivuliwa 1996 huko Unalaska. Wa namna hiyo ni majike, maana madume hubaki wadogo. Manahodha kadhaa ninaowafahamu huomba jike kubwa aachiwe akazae. Nami naona wana haki, tena nyama ya wa kilo 10 ni tamu zaidi.

Kuhusu mapigo, mkubwa hupiga taratibu zaidi, na mara nyingine hapigi kabisa. Huja juu kwa upole kabisa, hata mgeni anauliza kama ni taa. Hajui kuwa amenaswa mpaka aone mwanga na boti, na hapo ndipo vita inapoanza. Kwa hiyo baharia hatamruhusu mtu amwinue kichwa nje ya maji kabla chusa haijawa tayari mkononi. Mvuvi naye alegeze kidogo breki ya rili samaki anapokaribia, kwa sababu mshipi uliobaki ni mfupi, hauvutiki, na akishuka kwa ghafla ukiwa umekazwa utakatika.