Zawadi ya sikukuu ya kupika mwenyewe: ijue shira kwanza

Sikukuu ikikaribia, swali huwa lile lile: nipike kitu gani kitamu cha kupelekea watu bila kukesha jikoni? Jibu langu ni kashata na ubuyu, na ukiwa bado una nguvu, visheti, vile vipande vya unga vilivyokaangwa na kuvikwa sukari. Halua waachie wenyewe. Ile inataka wanga, samli ya kutosha, zafarani, na mtu wa kukoroga saa kadhaa bila kuweka mwiko chini. Nunua robo kilo kwa anayeijua, iweke kwenye sahani kando ya vitu vyako, na hakuna atakayekuuliza.

Kashata, visheti na ubuyu vyote vinasimama juu ya shira, yaani sukari iliyoyeyushwa na kupikwa motoni. Watu wengi wanahangaika na vipimo vya nazi na iliki, kumbe tatizo liko kwenye sukari: imetolewa motoni mapema, au imechelewa. Dawa yake ni kibakuli cha maji ya baridi kando ya jiko. Dondoshea tone la shira. Likipotelea majini, bado. Likitua chini na ukaweza kuliviringisha kwa vidole likawa kidonge laini, hapo ndipo pa kashata za nazi. Likikauka papo hapo na kukatika kwa mlio, imefika kwenye ugumu wa peremende. Mwenye kipimajoto cha jikoni atasoma nyuzi 112 hadi 116 kwa kidonge laini, na karibu 150 kwa ile ya kukatika. Mimi nabaki na kibakuli changu, hakihitaji betri.

Kuna jambo moja linawachanganya sana wapishi wapya. Shira ya kaimati, vile vidonge vya unga vya kukaanga, ibaki maji maji na kung'aa, lakini ya visheti igande iwe nyeupe juu ya kila kisheti. Sukari ni ile ile. Kwenye kaimati unakamulia ndimu kidogo wakati shira inachemka, kwa sababu ukali wa ndimu huivunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na hizo huzuia chembe zisishikane na kuganda. Kwenye visheti ndimu usiiguse. Shira ikishakuwa nzito, mimina visheti, epua, kisha geuza geuza bila kupumzika mpaka uone weupe unaingia. Kule kugeuza ndiko kunakogandisha. Basi ukiona mtu analalamika kuwa visheti vyake vinanata, muulize kwanza kama alitia ndimu.

Sasa kashata za nazi. Vikombe 2 vya nazi iliyokunwa, kikombe 1 na nusu cha sukari, nusu kikombe cha maji, iliki iliyotwangwa, chumvi kidogo sana. Unapokuna nazi usifike kwenye ganda lake la kahawia, maana zawadi inaliwa kwa macho kwanza. Chemsha sukari na maji mpaka kidonge laini, tia nazi na iliki, punguza moto, koroga. Nazi itatoa maji yake na mchanganyiko utalegea tena, usishtuke, endelea. Utaona mambo mawili kwa pamoja: mchanganyiko unaanza kuachana na kuta za sufuria, na ule mng'ao unafifia. Mwaga hapo hapo kwenye sinia lililopakwa mafuta, sawazisha kwa unene wa kidole, na ukate vipande ingali na joto. Ukisubiri ipoe kabisa itamomonyoka chini ya kisu. Ukitaka rangi, gawa mchanganyiko mara mbili na utie tone la rangi ya chakula upande mmoja. Nyeupe na waridi zikipangwa pamoja zinapendeza kuliko rangi tano.

Za karanga ni mbio. Sukari unaiyeyusha kavu, bila maji, kwa moto mdogo, mpaka iwe na rangi ya asali. Karanga ziwe zimeshakaangwa na kumenywa na ziko mkononi, kwa sababu ukienda kuzitafuta utarudi ukute moshi. Changanya, mwaga kwenye ubao uliopakwa mafuta, pitisha mti wa chapati uliopakwa mafuta pia, kata. Dakika mbili tatu tu, imegoma. Sufuria itabaki na sukari ngumu. Usiikwangue, ijaze maji na uirudishe jikoni ichemke, itajisafisha. Na watoto wasikae karibu. Sukari iliyoyeyuka ina joto kupita maji yanayochemka, na ikidondokea ngozi inaganda hapo hapo.

Karanga zichambue kabla ya kukaanga. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi, tupa. Sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haiondoki kwa kukaanga, na haionekani ikishafunikwa na sukari.

Ubuyu ndio ninaoupendekeza kwa mwenye watu wengi wa kuwapa, maana unakaa muda mrefu na hauvunjiki njiani. Nusu kilo ya ubuyu, vikombe 2 vya sukari, kikombe 1 cha maji, chumvi kijiko kidogo, pilipili ya unga kadiri ya ujasiri wako, iliki, pilipili manga, rangi nyekundu ya chakula, na arki ya vanila mwishoni. Chemsha vyote isipokuwa ubuyu na arki mpaka shira iwe nzito na ya kunata. Zima moto, ndipo utie ubuyu. Hapa wengi wanauacha uchemke, na ule unga mkali unaoizunguka kokwa unayeyukia kwenye shira. Unabaki kumpa mgeni kokwa tupu zenye rangi. Geuza upesi mpaka kila punje ivae, nyunyizia arki, tandaza kwenye sinia upoe. Rangi iwe ile iliyoandikwa kuwa ni ya chakula. Kama kwenye pakiti hakuna maandishi, iache dukani.

Halafu kuna hali ya hewa. Miaka hii Idi el-Fitri imekuwa ikiangukia Machi na Aprili, na kwetu Pwani ndiyo masika yenyewe. Sukari huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo kashata za karanga zilizolia vizuri asubuhi, ukiziacha wazi, jioni zinanata. Subiri zipoe kabisa, maana zikifungwa na joto hutoa jasho ndani ya kopo, kisha funga kwenye chupa ya jemu au kopo lenye mfuniko wa kubana, na ukate karatasi ya kuokea uiweke kati ya tabaka na tabaka. Mfuko wa kaki ni mzuri kwa ubuyu wa kula siku ile ile. Zaidi ya hapo hauzuii unyevu, hata uufunge kwa utepe mzuri namna gani. Kwa Krismasi joto ni jingi lakini mambo ni yale yale. Kashata za karanga andika juu ya kopo kuwa zina karanga. Kuna watoto wanaodhurika nazo, na mama zao hawaishi nyumbani kwako wakujulishe.

Mpangilio wangu ni huu: ubuyu wiki moja kabla, za karanga siku tatu kabla, visheti juzi yake. Za nazi ndizo za mwisho kabisa, kwa kuwa nazi mbichi haina subira. Ukitaka zikae zaidi, tumia nazi kavu ya pakiti na uongeze maji kidogo kwenye shira. Mimi za nazi mbichi nazipika jioni ya mwezi 29 Ramadhani, redio ikiwa wazi. Mwezi usipoandama, una siku nzima ya kutafuta kabati ambalo watoto hawalijui.