Mwanangu aitwa mwoga kwa kuwa hachupi Forodhani

SWALI: Assalaam aleikum. Mwanangu wa miaka 12 anajua kuogelea, lakini wenzake wanamcheka kwa kuwa hathubutu kuchupa baharini kutoka ukuta wa Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe. Jirani yetu, mzee aliyekuwa baharia wa majahazi, amejitolea kumsaidia. Wiki mbili sasa kazi yao ni kushuka maji yakitoka, wakitembea chini ya ukuta na kutazama mawe. Mtoto ananuna, na baba yake anasema mzee anazidi kumlegeza. Nimwachishe?
Mama, Malindi, Unguja

JIBU: Waaleikum salaam. Usimwachishe, dada yangu, kwani mzee huyo anamwonesha mtoto kile ambacho wenzake wanakirukia bila ya kukiona. Siku za bamvu, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti baina ya maji kujaa na kupwa hapa Unguja hukaribia mita 4, na saa ya kujaa husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Kwa hiyo mtoto aliyechupa salama Ijumaa saa kumi jioni, akirudi Ijumaa ya pili saa ile ile, atakuta maji yamepwa. Anayetanguliza kichwa penye maji haba huweza kuvunjika shingo na kupooza maisha yake yote. Mumeo ashuke nao siku moja tu, ayaone mawe kwa macho yake, kisha ndipo aseme nani analegezwa.

Hata hivyo, kununa kwa mtoto nakuelewa, maana wiki mbili za kutazama mawe ni nyingi kwa mwenye miaka 12. Mwombeni mzee, kwa adabu na bila ya kumfanya aone anasahihishwa, aanze sasa kumchupisha kutoka mahali pa chini, maji yakiwa yamejaa, akitanguliza miguu, na wale wenzake wasiwepo kwanza. Kila siku mtoto aulizwe yeye kama maji yanatosha, na akisema hayatoshi warudi nyumbani bila ya kumbembeleza. Ukutani apande siku atakayoitaja mwenyewe. Nawe kabla ya siku hiyo mwulize mzee atasimama wapi mtoto akichupa. Akijibu kwamba atakuwa majini, mruhusu. Akijibu kwamba atakuwa juu ukutani, mwambie asubiri apatikane mtu mzima ajuaye kuogelea wa kukaa majini.